Ngozi Yangu Kwenye Slaidi ya Mdogo Wangu

Mama yangu alikuwa akikata kucha anazifukia. Nywele zinazobaki kwenye kitana nazo alizikusanya akazifukia nyuma ya jiko, kwa sababu aliogopa mtu asije akaziokota akamfanyia ubaya. Nilipoanza kazi ya maabara nilimcheka sana kwa hilo. Sasa nimestaafu, nakaa Bagamoyo kwenye nyumba ya wazee wangu, na nikikata kucha nafagia chumba kizima, kisha napitisha kitambaa kibichi sakafuni. Wachawi siwaogopi. Naogopa hivyo vipande vyenyewe, na ninyi mnaoanza kazi yetu nataka niwaeleze kwa nini.

Wanangu, mimi Zuhura kazi yangu ilikuwa kukata nyama za watu. Nikilitamka hilo kwenye shughuli, wanawake wenzangu wanavuta viti vyao pembeni. Lakini ninyi mnaelewa. Daktari wa upasuaji akitoa kivimbe kinaletwa maabara, kinalowekwa kwenye dawa, kinagandishwa ndani ya nta, halafu mkataji anakikata vipande vyembamba mno, ukihema vibaya vinakupeperukia. Kipande unakitandaza juu ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni kinyooke, unakichota kwa kioo cha slaidi, unakitia rangi, na daktari wa patholojia anakitazama kwa darubini. Hapo ndipo mtu anapojulikana kama ana saratani au hana. Mkono wangu ulizoea kazi hiyo mapema. Tumbo langu halikuzoea mpaka nastaafu.

Aliyenifundisha ni Mzee Kondo, Mzaramo mmoja mwenye vidole vinene ambavyo usingedhani vinaweza hata kushika sindano. Kabla hajanifundisha kukata alinifundisha kuogopa. Alikuwa akiniwekea kipande cha nta mkononi na kuniuliza, "Hiki nini?" Nikijibu, "Nta, mzee," ananiambia nirudi kesho. Siku niliyomjibu, "Mtu, mzee," ndiyo siku aliyoniruhusu kugusa mashine. Nta ya ukanda wetu huu wa joto inalainika upesi, kwa hiyo lazima uigandishe kwa barafu kabla ya kukata. Siku moja umeme ulikatika, barafu hakuna, Mzee akatoka getini akarudi na barafu za ukwaju, zile za kufunga kwenye vifuko vya nailoni. Tukazipanga juu ya nta, tukakata vizuri kabisa. Kifuko kimoja kilikuwa kinavuja. Daktari alipouliza kwa nini mgonjwa fulani ana rangi ambayo hajaiona tangu azaliwe, Mzee Kondo alikwisha kuwa anaufyonza ushahidi wenyewe pale uani. Tulikata upya, mgonjwa hakudhurika, na mimi nilicheka mpaka machozi. Nawasimulieni hili mjue kwamba tulicheka pia. Mengine ninayotaka kuyasema hayachekeshi.

Enzi za Mzee Kondo tulikuwa na rangi mbili, waridi na zambarau, na daktari alitumia macho yake na uzoefu wake. Baadaye zikaja zile dawa mnazozijua ninyi, za kingamwili, ambazo zinatafuta protini moja tu kwenye kipande na kuipaka rangi ya kahawia. Niliyoishi nayo sana ni keratini. Keratini ndiyo inayoifanya kucha iwe kucha na unywele uwe unywele. Iko juu ya ngozi yako hapo ulipokaa. Lakini iko ndani pia, kwenye seli zinazotanda ndani ya titi, utumbo, mapafu, kibofu. Imekaa ndani ya seli kama fito ndani ya ukuta wa udongo, huzioni lakini ndizo zinazousimamisha ukuta. Na seli ikigeuka saratani ikahama, kwa kawaida inahama na fito zake.

Hapo ndipo palipo na faida. Mtu wa Pangani akihamia Dar anaweza kubadilisha mavazi, lakini akifungua mdomo tu unamjua alikotoka. Keratini nazo zina namba, na kila kiungo kina zake. Aliletwa mkulima mmoja wa Vigwaza, ini limejaa vivimbe na hakuna ajuaye vimetoka wapi. Tukatia keratini ya saba, slaidi ikabaki kimya. Tukatia ya ishirini, ikawaka kahawia. Daktari akasema watafute kwenye utumbo mkubwa, wakatafuta, wakakuta. Aliishia wapi yule mkulima sijui. Sisi wa maabara mwisho wa hadithi hatuambiwi, na mimi nilikuwa naogopa hata kuuliza.

Sasa sikilizeni la tezi. Tezi za limfu, zile za kwapani na shingoni, ndani yake zimejaa askari wa mwili, na seli zinazotanda ndani ya viungo hazina kazi humo. Kwa hiyo ukiitia tezi dawa ya keratini, unataka isiwe na kahawia. Seli zenye keratini zikionekana ndani ya tezi ya kwapani ya mwanamke mwenye saratani ya titi, maana yake ugonjwa umeshaanza safari. Mwanzoni nilidhani basi slaidi safi ni habari njema. Mpaka wiki moja tulipotoa slaidi safi mfululizo, za wagonjwa mbalimbali, tukawa tunapeana mikono. Daktari akaomba slaidi ya ulinganisho, ile ya kipande cha ngozi ambacho lazima kiwake. Nayo ilikuwa safi. Friji ilizimika mwisho wa wiki na dawa ilikuwa imekufa. Tungeweza kuwaambia watu wamepona na kumbe hatukuwa tumewapima. Tulirudia zote. Tangu hapo, slaidi safi nikaiogopa kuliko yenye kahawia, na ninyi iogopeni hivyo hivyo mpaka muione ile ya ulinganisho imewaka.

Nilikuwa nimekaribia kustaafu mdogo wangu Mwantumu alipokatwa titi.

Mwantumu anakaa Kerege, na pwani yote hii wanamjua kwa mikono yake. Ni mpambaji wa maharusi. Hina yake na piko yake, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, wanaifuata hadi watu wa Msata. Binti yake Rukia alikuwa ameposwa na kijana wa Pangani, ukoo wa kizamani, wenye majina marefu. Harusi ilikuwa baada ya Idi. Wakwe hawakuambiwa lolote kuhusu titi. Mwantumu alisema amekwenda Dar kwa matibabu ya mgongo, na mimi nikaambiwa nishike hilo hilo la mgongo.

"Dada, wakisikia saratani watasema iko kwenye damu yetu," aliniambia. "Watamrudisha mwanangu kabla hajatoka."

"Na kama imeshafika kwapani?"

"Kama imefika, hizo dripu za dawa zitasubiri harusi ipite. Nikinyonyoka nywele watajua. Nikishamwoza, nywele zitoke zote, nitavaa kilemba."

Baada ya Idi maana yake Ramadhani nzima ipite kwanza. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, kwa sababu nilijua anavyoipenda ile harusi. Tezi zake zilikuwa zimeshapelekwa maabara kwetu. Kila kitu kilikuwa kinangoja hizo tezi.

Siku niliyokwenda kumtazama akaniambia, "Leta mikono." Daktari wake alimtaka auzoeze ule mkono wa upande aliokatwa, usije ukakakamaa, na yeye zoezi alilolijua ni kuchora. Nikakaa akanipaka piko, meno ameyauma kwa maumivu. Piko hiyo ilitoka kwenye paketi mpya aliyokuwa hajawahi kuitumia. Maua yalipendeza, na usiku wake nikaanza kuwashwa. Yakatoka malengelenge, yakapasuka, na baada ya siku chache ngozi ya mikono yangu ikawa inabanduka magamba kama ganda la kitunguu. Sikumwambia, maana angejua ameniunguza angeacha kuchora na mkono ungemkakamaa.

Kwetu utaratibu ulikuwa kwamba tishu ya ndugu yako huigusi. Tezi za Mwantumu alizikata Festo, mwenzangu wa miaka mingi, mtu wa taratibu, anayekata huku akiimba kwaya kwa sauti ya chini. Mimi nilikaa mbali. Kwa rangi za kawaida tezi zilionekana safi, ila moja ilikuwa na mahali ambapo Dakta Neema, daktari wetu wa patholojia, hakupapenda. Akaagiza keratini. Festo akakata tena. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimekata kazi za watu wengine kwenye meza ile ile, mikono mitupu kama tulivyokata sote wakati huo, kwa kuwa nta inanata kwenye glavu. Na beseni la maji lilikuwa moja.

Dakta Neema alifungua mlango wa chumba chake akatutazama.

"Nani hapa anabanduka mikono?"

Nikanyanyua mikono yangu juu, kama mtoto aliyekamatwa sokoni. Akanishika vidole, akavigeuza, akanivuta mpaka kwenye darubini. "Bi Zuhura, tazama mwenyewe."

Nikatazama. Tezi ilikuwa ya buluu, na ndani ya ile buluu kulikuwa na madoa ya kahawia. Nilishika meza, kwa sababu sikutaka kuanguka mbele ya daktari.

"Tulia kwanza," akasema. "Zungusha gurudumu la darubini polepole. Tezi ikionekana vizuri, hili doa linafifia. Doa likionekana vizuri, tezi inafifia. Linakaa juu ya tezi, halimo ndani yake. Na halina kiini. Limechanika pembeni. Hili ni gamba la ngozi, limeanguka kwenye maji likachotwa pamoja na kipande. Na hili la pili ni hivyo hivyo. Ni ngozi yako."

Shikeni hilo, wanangu, kwa maana vitabuni mtalisoma mara moja na maabara litawajia maisha yenu yote. Ngozi yetu sisi wenyewe ni keratini tupu. Dawa haijui kama keratini ni ya mgonjwa au ya mkataji. Inaipaka kahawia ile ile.

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

"Usishukuru bado," Dakta Neema akasema, akaisogeza slaidi kidogo. "Na hapa?"

Pembeni ya tezi, kwenye ule mfereji maji ya mwili yanapoingilia, kulikuwa na kishada kidogo cha kahawia. Nilizungusha. Tezi na kishada vilionekana pamoja. Nilizungusha tena kwa kuwa sikutaka kukubali. Ndani ya kahawia niliona kama viini, halafu nikajiambia sivioni. Nilimwangalia daktari usoni, na yeye akaangalia dirishani.

"Sisaini kitu chenye ngozi ya mtu ndani yake," akasema. "Festo, mwaga maji, osha beseni, vaa glavu. Kata upya, shuka chini zaidi. Bi Zuhura, wewe toka."

Nikatoka, nikatawadha, nikaswali adhuhuri, na baada ya salamu nikabaki pale pale kwenye mswala. Maisha yangu yote ya kazi nilipigana na uchafu. Nilifuta meza, nilichuja maji, niliwafokea wanafunzi waliojikuna kichwa karibu na mashine. Siku ile nilimwomba Mwenyezi Mungu uwe uchafu. Niliomba kile kishada kiwe kimetoka kidoleni mwangu. Niliogopa hivi kwamba nilianza kuibandua ngozi iliyobaki kwa kucha, kama kwamba nikipata gamba la umbo lile nitaweza kumpelekea daktari.

Rangi ile haiharakishwi. Nilikaa nje mpaka kiatu cha Festo kikasimama mbele yangu. Hakuwa anaimba.

Magamba yangu yalikuwa yametoweka yote. Kile kishada kilikuwepo, na kwenye kipande cha chini yake kilikuwepo pia, kikubwa zaidi kidogo. Viini vilionekana bila shaka yoyote. Slaidi ya ulinganisho ilikuwa imewaka inavyotakiwa. Dakta Neema alinieleza kwa upole kwamba seli ni chache, kwamba chache si nyingi na ni vizuri zimeonekana, lakini dawa zianze mara tu kidonda kikipona, na kwamba kungoja mpaka baada ya Idi asingemshauri mtu yeyote. Mwantumu alikwisha kumwambia daktari wake kuwa majibu nipewe mimi nimpelekee. Kwa hiyo nilipewa.

Nilifika Kerege jioni. Nilimkuta ukumbini na Rukia wanachambua mchele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Alinitazama usoni, kisha akamwambia Rukia, "Mama, nenda kaninunulie iliki." Binti alikuwa na iliki mbele yake kwenye bakuli. Aliinuka akaenda bila kuuliza.

"Sema," Mwantumu akaniambia.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalinikimbia. "Imefika kwapani. Kidogo. Lakini imefika."

"Si makosa ya mashine?"

"Walikata mara mbili."

Aliendelea kuchambua mchele. Alitoa chuya moja, akaitupa, akatoa nyingine. Nilikuwa naogopa alie, nikaogopa zaidi alipokuwa halii.

"Na nikisubiri harusi?"

"Daktari anasema usisubiri."

"Nakuuliza wewe, dada. Wewe uliyeviona hivyo vitu."

Nikamwambia nilichokiona. Nikamwambia viko mlangoni mwa tezi, havijatapakaa, na kwamba kazi yangu yote nimeona tezi za watu waliosubiri na sitaki kuiona yake. Nililia mimi. Yeye aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akachukua simu, akafuta vumbi la mchele kwenye kioo chake, akampigia Bi Salma, mama yake bwana harusi, kule Pangani. Nilimshika mkono. Akautoa.

Walisalimiana salamu zote ndefu za watu wa kwao, hali, watoto, nyumba, kheri, kheri. Halafu akasema, "Bi Salma, sikwenda Dar kwa mgongo. Nina saratani ya titi, nimekatwa, na leo nimeambiwa imefika kwapani. Dawa naanza karibuni na sitaweza kukimbizana na shughuli. Nakuomba tuwaoze Ijumaa hii, kabla ya mfungo. Kama hamumtaki tena mwanangu niambie sasa hivi, nijue."

Nilidhani simu imekatika. Mwantumu aliishika kwa mikono yote miwili.

"Mwantumu," Bi Salma akasema mwishowe, "Ijumaa tuko hapo. Jikoni usiingie. Tutakuja na wapishi wetu."

Ndipo alipolia.

Rukia aliolewa Ijumaa hiyo. Mwantumu alimchora binti yake mwenyewe mguu mmoja, mguu wa pili akachorwa na mwanafunzi wake. Kisha akaingia kwenye dripu. Nywele zilitoka, kucha zikawa nyeusi, akawa mwembamba hata pete zikamtoka vidoleni. Mara nyingine nilikaa kando ya kitanda chake nikihesabu pumzi zake kwa hofu. Alipona, au niseme alipata nafuu, maana sisi tuliokaa karibu na darubini neno kupona tunaliogopa. Nywele zikarudi, laini kama za mtoto mchanga. Rukia akajifungua. Mimi nikastaafu.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya wakati huu. Juma lililopita Mwantumu alikuwa anavaa mkufu akakuta kitu juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, upande ule ule. Kigumu, hakiumi. Aliniletea nikishike, nikakishika, nikamwambia si kitu, huku jasho linanitoka. Daktari wake amekitoa juzi. Kimepelekwa maabara yetu, ambayo sasa ni yenu. Mzee Kondo amekwisha kufariki, Festo amerudi kwao, Dakta Neema amehamia mkoa mwingine. Nilipiga simu mapokezi, kijana aliyepokea hakunijua, na alifanya vizuri kukataa kuniambia chochote.

Leo asubuhi Mwantumu kaniuliza kama vijana waliopo pale siku hizi ninawajua. Nikamjibu ninawajua. Akaniuliza kama ni waangalifu.

Nimemwambia ndiyo, wanangu. Nimemwambia ni waangalifu sana.